Panya, bundi, nyoka, mbwa: wanyama tunaoishi nao shambani



Kila mara tunapopita kwenu, iwe kule juu Masereka na Kipese kwenye baridi ya viazi, iwe kule chini Mangina na Mutwanga kwenye joto la kakao, kuna ulizo moja linarudia: "Agronomu, huyu mnyama tumuue ao tumuache?" Wakati mwingine wanatuonyesha kinyonga kwenye mti wa kahawa. Mara nyingi zaidi ni nyoka ambaye tayari amekwisha kufa, anabebwa juu ya kijiti, na ulizo linakuja nyuma ya fimbo. Somo la mara hii ni juu ya ulizo hilo. Mbuzi, kuku na nguruwe tunawaacha kwa somo lingine. Leo tunaongea juu ya wale wanaokuja bila kuitwa.

Tuanze na panya, kwa sababu yeye ndiye anakula nasi kila siku. Kuna yule wa nyumbani, mweusi, mwenye mkia mrefu, anayepanda ukuta na kulala juu ya dari. Na kuna yule wa shamba, wa rangi ya udongo, ambaye ni mbaya zaidi kwa mahindi na maharagi. Mwangalieni jike wa shamba siku mmoja akinaswa: ana chuchu nyingi kupita mnyama mwingine mnayemjua, zinaweza kufika 24. Hiyo inaonyesha kazi yake. Anabeba mimba juma tatu na siku chache tu, anazaa kumi ao zaidi kwa mara moja, na watoto hao wanaanza kuzaa wenyewe wakiwa na miezi michache. Anafuata mvua: mvua ikinyesha vizuri, majani na mbegu vinakuwa vingi, anazaa. Ndiyo maana wakati tunavuna sezoni A, mu mwezi wa kwanza, panya wanaonekana kama wametumwa na mtu. Hawakutumwa. Walizaliwa ndani ya shamba lenu wakati mlikuwa mnapalilia.

Kutoka hapo mnaelewa kwa nini kuua panya kumi hakubadilishi kitu. Shimo la mmoja linachukuliwa na mwingine wa shamba la jirani. Watu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, kule Morogoro inchini Tanzania, wamechunguza panya wa shamba kwa miaka mingi, na moja ya mambo wanayofundisha ni rahisi: wakulima wa sehemu moja wategeshe mitego wote pamoja, siku zilezile, mbele ya mazao kuiva, si kila mtu kwa siku yake. (Ni Morogoro hukohuko wanakofundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Kwa hiyo panya ana akili, tusimdharau.) Kundi la nyumba ishirini likitega kwa juma moja linapata matokeo kuliko nyumba moja inayotega mwaka mzima.

Kisha kuna gala. Gala liinuliwe juu ya miguu kufika metre moja kutoka chini, na kila mguu uvalishwe bati lililokunjwa kama mwavuli, mdomo ukiangalia chini. Panya anapanda, anafika kwenye bati, anateleza. Lakini tuliona magala mazuri ya namna hiyo yenye mti wa avoka umeegemea paa, ao jembe limesimamishwa kwenye ukuta. Hapo bati halina kazi tena, mmemjengea ngazi. Majani kando ya gala yafyekwe hatua tatu kila upande. Panya anaogopa kupita mahali peupe, na ana sababu.

Sasa juu ya dawa. Sokoni Butembo na Beni watu wanauza dawa ya panya katika vipakiti na vichupa bila lebo, na kuna wanaochanganya dawa ya wadudu wa nyanya ndani ya unga wa mahindi. Tunawaomba muache kabisa hiyo ya pili. Dawa ya wadudu inaua mtoto kama inavyoua panya. Hata ile dawa inayotengenezwa kwa panya ina tabia moja ambayo wauzaji hawasemi: nyingi zinaua polepole. Panya akiisha kula anaishi siku kadhaa, damu yake ikikataa kuganda, anatembea mchana kama mlevi. Wakati huo anakamatwa na paka. Anakamatwa na mbwa, na bundi. Tena anakamatwa na watoto wanaochunga mbuzi, ambao wanamchoma na kumla huko porini bila kuuliza mtu. Sezoni inayofuata nyumba haina paka, na panya wanarudi wengi kupita mbele, kwa sababu panya anazaa haraka kuliko paka. Kama ni lazima kutumia dawa, basi iwe ile yenye lebo, iwekwe ndani ya kipande cha bambu ao kisanduku chenye tundu dogo, na kila asubuhi mtu aokote panya waliokufa na kuwazika. Si kwa mkono mtupu: tumieni koleo ao jani. Panya akikufa viroboto wake wanatoka kutafuta damu nyingine. Jirani zetu wa Ituri, upande wa Rethy, wanajua tauni kwa njia hiyo. Mkiona panya wanakufa ovyo ndani ya nyumba na hakuna aliyetega dawa, hiyo ni habari ya kupeleka kituo cha afya siku ileile.

Bundi tunajua ni neno gumu. Kwetu huku wengi wanasema akilia juu ya nyumba kuna mtu atakufa, na tumeona vijana wanampiga mawe mpaka anaanguka. Hatuombi mtu aache mawazo ya babu zake siku moja. Tunaomba tu mfanye kitu kimoja kwa macho yenu. Yule bundi mwenye uso mweupe kama sahani anapenda kulala kwenye paa la kanisa, la masomo, ao kwenye depo ya zamani. Chini ya mahali pake mtakuta matonge meusi, makubwa kama kidole gumba, yamekauka. Si mavi. Bundi anameza panya mzima, na kwa kuwa tumbo lake haliwezi kusaga nywele na mifupa, anavitapika vikiwa vimefungwa pamoja. Chukueni tonge moja, muliloweke mu maji ya uvuguvugu, mulifungue kwa vijiti viwili. Hesabuni vichwa. Mara nyingi mtapata viwili, vitatu, hata vinne ndani ya tonge moja. Hiyo ni kazi ya usiku mmoja, tena sehemu tu ya usiku. Wakati ana watoto, yeye na mwenzake wanawinda kupita hapo. Mtu akiisha kuhesabu vichwa hivyo, tumwache afikiri mwenyewe.

Mnaweza kumsaidia bila gharama. Simamisheni shambani mti wa metre tatu wenye kipande cha kulala juu, kama herufi T. Usiku bundi anakaa hapo, mchana mwewe. Muiweke mbali na nyumba, juu mwewe hachagui kati ya panya na kifaranga.

Nyoka anafuata panya. Hiyo ndiyo sababu kubwa inayomleta nyumbani kwa mtu, hata kama watu wanatafuta sababu nyingine kwa jirani. Wengi wa wale tunaoonyeshwa juu ya kijiti ni nyoka wa rangi ya kahawia, mwembamba, mwenye mstari mdogo mweupe kando ya jicho. Huyo hana sumu ya kuumiza mtu, na kazi yake ni kuingia ndani ya mashimo ambamo paka hawezi kuingia. Lakini hatutawadanganya: mtu anayekutana na nyoka usiku kwenye mlango hana wakati wa kuangalia jicho. Na huku kwetu wenye sumu kali wako. Kuna yule mfupi mnene, mwenye kichwa kipana, ambaye vitabu vya Kiswahili vinamwita kifutu. Yeye hakimbii, analala njiani na kupuliza hewa kwa nguvu, na ni sisi tunaomkanyaga. Kule kwenye kakao, chini ya majani makavu, kuna ndugu yake mkubwa wa msituni ambaye rangi zake zimefanana na majani yale kabisa. Kuna fira. Kuna wale wa kijani wanaokaa mitini. Shauri letu si kujifunza majina. Ni kuvaa bote, kupiga majani kwa fimbo mbele ya kuinama kuokota kakao, kutoingiza mkono kwenye lundo la maganda ao la kuni bila kulisogeza kwanza kwa kijiti, na kuwasha torshi wakati wa kwenda choo usiku.

Na mtu akiumwa? Hapa tunaomba msome polepole, na yule anayejua kusoma asomee wengine. Shirika la Afya la Ulimwengu linahesabu kwamba kila mwaka nyoka wanaua watu kati ya elfu 81 na elfu 138 duniani, na tangu 2017 limeweka kuumwa na nyoka kati ya magonjwa yaliyosahauliwa. Wengi wanaokufa ni watu kama sisi, wa shamba. Tena wengi wanapoteza wakati kwanza. Mmoja anafungwa kamba kali juu ya jeraha mpaka mguu unakuwa mweusi. Mwingine anachanjwa kwa wembe, na kwa sumu ya kifutu, ambayo inazuia damu kuganda, wembe unamuongezea kifo. Na wengi wanawekewa jiwe nyeusi. Tunajua nyumba nyingi zinalichunga jiwe hilo kama mali, na kila mtu ana mfano wa mtu aliyepona nalo. Ukweli ni kwamba nyoka wengi hawana sumu, na hata mwenye sumu wakati mwingine anauma bila kuitoa. Mtu wa namna hiyo angepona hata kwa kuwekewa jani la ndizi. Jiwe halivuti sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Kitu linachovuta ni saa mbili ambazo mgonjwa hana.

Fanyeni hivi. Mtoeni pete, bangili na viatu, kwa sababu mwili utavimba. Mlaze, mguu ao mkono usitikisike, mfungieni kijiti kando yake kama mtu aliyevunjika. Asitembee. Kama ni moto ndiyo iko karibu, akae katikati, dereva mbele na mtu wa kumshika nyuma. Msipoteze wakati kumtafuta nyoka. Mkumbuke tu rangi na unene wake. Kama fira ametema mate kwenye macho, mwoshe kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha twende kwa munganga. Kope za mgonjwa zikianza kushuka, ao akashindwa kumeza, mjue pumzi itafuata, hakuna tena wakati wa mashauri. Dawa ya kupinga sumu inachungwa kwenye friji, na vituo vingi vidogo hawana. Basi komite ya koperative iulize leo, mbele ya kitu kutokea: ni hospitali gani ya karibu inayo hiyo dawa? Jibu liandikwe kwa chaki kwenye mlango wa depo.

Juu ya fuko tutasema kidogo, kwa ajili ya wale wa juu. Yule anayesukuma vilima vya udongo na kukata mizizi ya viazi na ya poro ni mnyama anayekaa peke yake, mmoja kwa shimo moja. Kwa hiyo shamba lenye vilima hamsini linaweza kuwa na mafuko watatu tu. Mtego wa kamba na mti uliopindwa, ule wa wazee, bado unafanya kazi kuliko dawa yoyote: fungueni njia yake, atakuja kuiziba mwenyewe kwa sababu hapendi hewa. Kinyonga na chura, waacheni. Chura anakula wadudu usiku kucha na haombi mshahara.

Watu wa kakao, kuna mnyama mmoja ambaye hamjamuona na ndiye anayewalisha. Ua la kakao haliwezi kutumia nyuki wa kawaida vizuri, ni dogo mno na njia yake ya kuingia imepindika. Anayebeba unga wa ua hilo kwenda ua lingine ni usubi, kidudu kidogo kama kichwa cha sindano. Anazaliwa kwenye majani yanayooza, kwenye vipande vya mgomba vilivyooza, kwenye maganda ya kakao. Mkulima anayefagia shamba lake mpaka udongo unang'aa kama kiwanja cha kanisa anasifiwa na majirani, na mwaka unaofuata anashangaa maua mengi yameanguka bila kuzaa. Acheni majani chini. Acheni mashina ya ndizi yaoze hapohapo. Lakini tofauti moja: tunda lililooza jeusi kwa ugonjwa litolewe mtini na kuzikwa mbali, kwa sababu ugonjwa unarukia matunda mengine wakati mvua inapiga.

Makako na nyani wamekuwa wengi katika mashamba ya upande wa Oicha na wa Mangina, na wakulima wanatuuliza ni dawa gani. Tujibu kweli: sehemu kubwa ya ugonjwa si makako. Watu wamekimbia, mashamba ya mbele, yale yaliyokuwa yanagusa msitu, yameachwa miaka kwa sababu ya usalama mbaya, na pori limeshuka mpaka karibu na nyumba. Zamani mkulima wa mwisho ndiye alikuwa mlinzi wa wote. Leo yule wa katikati amekuwa wa mwisho. Kinachosaidia kidogo ni kupanda kando ya msitu vitu ambavyo makako hapendi, kama pilipili ao chai pale inapowezekana, kuweka mahindi karibu na nyumba, na kulinda kwa zamu, watu wazima wawili wawili, si watoto. Msimtume mtoto alinde shamba peke yake mahali ambapo ninyi wenyewe mnaogopa kwenda. Mahindi yanalipwa. Kwa wale walio karibu na mpaka wa Pariki ya Virunga, tembo na nyati ni jambo la kuita walinzi wa pariki, si la ngoma na mishale.

Mnyama aliyekutwa amekufa msituni asiguswe. Tunalisema kila mwaka, na tutalisema tena. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina ilidumu mpaka 25 Juni 2020. Watu 3470 waligonjwa, 2287 walikufa, na hakuna nyumba ya Beni ao Butembo isiyojua jina la mmoja wao. Karibu wote waliipata kwa mtu mwenzao, si kwa mnyama. Lakini mlango wa kwanza wa ugonjwa huo, wanasayansi wanaona, ni wanyama wa porini, na wanawashuku zaidi popo wanaokula matunda. Makako ao kipara cha mbuzi wa msituni anayelala njiani bila jeraha la mtego hakuwekwa hapo na Mungu kama zawadi. Hata akiwa bado na joto. Wakumbusheni watoto pia wasile embe ao pera lenye alama ya meno. Lakini msikate miti ya popo wala kuwapiga: ukiwafukuza wanatawanyika kila mahali, na mbegu nyingi za miti ya msitu zinapandwa na wao.

Tunamaliza na mbwa, ambaye watu hawamhesabu kati ya wanyama hatari kwa sababu ana jina. Kichaa cha mbwa kinaua watu karibu elfu 59 kila mwaka duniani, na katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wenye kushukiwa ugonjwa huo, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikionekana kwa mtu, amekwisha. Hakuna hospitali inayomrudisha, wala ya Butembo wala ya Ulaya. Ndiyo maana kila kitu kinaamuliwa katika saa za kwanza: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, mtu akiangalia saa, kisha mgonjwa aende kuanza chanjo siku ileile. Si majani, si mafuta ya betri, si kusubiri kuona kama mbwa atakufa. Kama mbwa anaweza kufungwa bila mtu mwingine kuumwa, afungwe siku 10 na kuangaliwa, lakini chanjo ya mtu haingojei.

Mtamjua namna gani? Si lazima akimbie na povu. Mbwa mkali anaweza kuwa mpole ghafula, anakuja kulamba wageni. Mwingine anafungua mdomo, mate yanashuka, hawezi kumeza, na mwenyewe anafikiri mfupa umekwama kooni. Anaingiza mkono kuutoa. Hata kwa ng'ombe inatokea hivyo. Msiingize mkono. Mwiteni veterinere wa IPAPEL, na mbwa akikufa msile nyama yake, msimtupe mtoni.

Chanjo ya mbwa ni sindano moja kila mwaka, kuanzia miezi mitatu. Haisaidii sana kama ni mbwa wa mwalimu na wa sefu tu ndio wanachanjwa. Ugonjwa unakatika katika kijiji wakati mbwa 70 kati ya 100 wamechanjwa. Kwa hiyo tunahitaji kujua mko na mbwa wangapi. Mbele ya mkutano ujao, kila kiongozi wa kundi apite nyumba kwa nyumba na kuandika: mbwa wangapi, wa miezi mingapi, nani amewahi kuchanjwa na mwaka gani, na mbwa wasio na mwenyewe wanalala wapi. Tukiwa na hesabu hiyo tutaweza kuomba dozi kwa namba, si kwa maneno. Siku hiyohiyo tutachagua juma la kutega panya pamoja, kila koperative juma lake. Na aliye karibu na kanisa lenye bundi atuletee matonge matatu, ndani ya karatasi, tutayafungua mbele ya wote.